Je, Makampuni Makubwa ya Teknolojia Yamehodhi Masoko ya Mtandaoni?

Utangulizi

Kwa Watanzania wengi neno ukiritimba lina maana mbili. Katika mazungumzo ya kila siku humaanisha usumbufu wa ofisini: njoo kesho, leta fomu nyingine, mhusika hayupo. Katika elimu ya uchumi neno hilo lina maana iliyo mahsusi zaidi, nayo ni hali ya soko ambamo muuzaji mmoja ana nguvu ya kupanga bei au masharti bila ya kuhofia kwamba wanunuzi wake watamkimbilia mwingine. Makala haya yanahusu maana hiyo ya pili.

Mfano wa zamani unaeleweka kwa urahisi. Hadi mwaka 1983 usafiri wa mabasi ya abiria katika Jiji la Dar es Salaam ulikuwa mikononi mwa shirika moja la umma, Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA. Mkazi wa Temeke aliyelikosa basi la UDA hakuwa na basi lingine halali la kupanda. Mwaka huo serikali iliruhusu mabasi ya watu binafsi, na wananchi wakayapa jina la daladala, kutokana na "dala", jina la mtaani la sarafu ya shilingi 5 iliyokuwa nauli. Ukiritimba wa UDA ulikuwa umewekwa na serikali, na serikali iliweza kuuondoa kwa tamko.

Miaka arobaini baadaye suala hilo limerejea kwa sura tofauti. Abiria wa Tegeta anayeita gari kwa simu, mwuza vitenge wa Tandika anayeonyesha bidhaa zake katika Instagram na kupokea oda kwa WhatsApp, mwanafunzi wa Mbagala anayetafuta maelezo ya somo kwa Google: wote hao wanapita katika milango inayomilikiwa na makampuni machache ya kigeni. Hakuna sheria iliyowalazimisha kuipitia milango hiyo. Je, kuna ukiritimba hapo? Na ikiwa upo, unaondolewaje, maadamu haukuwekwa na sheria? Jibu lina uzito mkubwa kwa nchi changa, kwa kuwa ndilo linaloamua ni sehemu gani ya jasho la dereva au mchuuzi inayobaki mkononi mwake, na ni sehemu gani inayokwenda kwa mwenye mlango.

Jinsi ya kuutambua ukiritimba

Kosa la kwanza la kuepukwa ni kuchanganya ukubwa na ukiritimba. Kampuni yaweza kuwa na mali nyingi duniani kote na bado ikawa na washindani wakali katika mji fulani. Kinyume chake, duka dogo la pekee katika kijiji kisicho na barabara laweza kuwa na ukiritimba kamili wa chumvi na mafuta ya taa. Linalopimwa si ukubwa wa muuzaji, bali ni njia nyingine alizonazo mnunuzi.

Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003, ambayo husimamiwa na Tume ya Ushindani, ilipotungwa iliweka masharti mawili ya kuitambua kampuni yenye nguvu kubwa ya soko. Sharti la kwanza ni kwamba kampuni hiyo ina uwezo wa kuupunguza ushindani kwa kiasi kikubwa na kwa muda mrefu huku ikipata faida. Sharti la pili ni kwamba sehemu yake ya soko inazidi asilimia 35. Ikumbukwe pia kwamba katika sheria za namna hii kuwa na nguvu hiyo peke yake si kosa. Kosa ni kuitumia vibaya, kwa mfano kwa kuwafungia wengine njia ya kuingia sokoni.

Hata hivyo, asilimia haina maana kabla ya kuamua "asilimia ya nini". Hapa wataalamu hutumia wazo la soko husika, yaani mkusanyiko wa bidhaa au huduma ambazo mnunuzi aweza kubadilishana moja kwa nyingine. Njia mojawapo ya kuutafuta mpaka wa soko husika ni swali hili: iwapo muuzaji angepandisha bei kwa asilimia 5 hadi 10 na kuishikilia hapo, je, wanunuzi wangemhama kwa wingi kiasi cha kumtia hasara? Wakihama, basi kile wanachokihamia kimo katika soko lilelile.

Swali hilo laweza kuulizwa katika kijiwe chochote cha bodaboda pale Mbagala Rangi Tatu. Ikiwa nauli ya pikipiki inayoitwa kwa programu ya simu itapanda kwa asilimia 10, abiria wengi wataitembelea pikipiki iliyoegeshwa kijiweni na kupatana na dereva wake. Kwa hiyo programu ya simu na kijiwe vimo katika soko moja, na kampuni yenye programu haiwezi kujipangia nauli itakavyo. Ama kwa abiria anayetoka Bunju saa nane za usiku, mahali pasipo na kijiwe chenye watu, jibu laweza kuwa tofauti. Soko husika hubadilika kwa mahali na kwa saa.

Kampuni ya mtandaoni kama dalali

Makampuni yanayozungumzwa hapa yana jambo moja linayoyatofautisha na kiwanda au duka. Kampuni ya kuita magari haimiliki magari, na kampuni ya mtandao wa kijamii haiuzi vitenge. Kazi yake ni kuwakutanisha watu wa pande mbili: abiria na dereva, mnunuzi na mchuuzi, mtazamaji na mtangazaji. Kwa Kiswahili kazi hiyo ina jina la siku nyingi, nalo ni udalali.

Dalali wa Kariakoo anafahamika. Humtafutia mwenye mali mnunuzi, kisha akatoza ada yake. Lakini dalali wa mtandaoni anamzidi yule wa Kariakoo kwa mambo matatu.

Kwanza, anaona kila mapatano. Dalali wa kawaida anajua biashara zilizopita mikononi mwake siku ile. Mwenye programu anajua safari zote, saa zake, njia zake na nauli zake, katika mji mzima.

Pili, mara nyingi ndiye anayepanga bei. Dereva na abiria hawapatani wenyewe. Nauli hutolewa na hesabu zilizomo ndani ya programu, ambazo si dereva wala abiria anayezifahamu.

Tatu, ndiye anayetunza sifa ya mtu. Dereva aliyewahudumia abiria kwa uaminifu kwa miaka mitatu hupewa nyota nyingi na wateja wake. Nyota hizo humo ndani ya kumbukumbu za kampuni moja. Akihamia kampuni nyingine, huanza upya kama mgeni. Hii ni kamba isiyoonekana, inayomfunga dereva kwa dalali wake hata pale ambapo ada imekuwa kubwa.

Athari ya mtandao

Ni nini kinachofanya dalali mmoja akue na wengine wafifie? Sababu kubwa huitwa athari ya mtandao: thamani ya huduma kwa kila mtumiaji huongezeka kadiri watumiaji wengine wanavyoongezeka.

Wanafunzi wa hisabati wanaweza kulithibitisha hili wenyewe. Ikiwa watu n wameunganishwa katika mtandao mmoja wa mawasiliano, idadi ya jozi za watu wanaoweza kuwasiliana ni n(n − 1)/2. Kwa watu 10, jozi ni 45. Kwa watu 100, jozi ni 4,950. Kwa watu 1,000, jozi ni 499,500. Watu wameongezeka mara 100, lakini jozi zimeongezeka zaidi ya mara 11,000. Mtu mpya anayechagua baina ya mtandao wa watu 1,000 na ule wa watu 100 hana haja ya kufikiri sana; na kwa kuingia katika ule mkubwa anazidi kuukuza. Hivyo aliye mbele hutangulia zaidi, hata kama huduma yake si bora kuliko ya mwenzake.

Ndiyo maana ni vigumu kwa mtu mmoja kuiacha WhatsApp. Programu nyingine za kutumiana ujumbe zipo, na kuziweka katika simu ni bure. Lakini kikundi cha ukoo, kikundi cha wazazi wa shule na wateja wa duka wamo WhatsApp. Mtu anayehama peke yake anahamia chumba kitupu.

Hesabu ya umbali: kwa nini magari si sawa na ujumbe

Itakuwa makosa, hata hivyo, kudhani kwamba athari ya mtandao ina nguvu sawa katika kila soko. Katika usafiri, abiria hajali ni madereva wangapi wameandikishwa na kampuni. Anajali muda atakaosubiri. Muda huo hutegemea umbali wa dereva aliye karibu zaidi.

Ikiwa madereva wametawanyika ovyo katika eneo, na kuna madereva d katika kila kilomita 1 ya mraba, nadharia ya uwezekano huonyesha kwamba wastani wa umbali hadi kwa dereva aliye karibu zaidi ni 1 gawanya kwa mara mbili ya kipeuo cha pili cha d, yaani 1/(2√d). Ichukuliwe kwamba mwendo katika barabara za mtaani ni kilomita 15 kwa saa, na kwa urahisi njia ichukuliwe kuwa imenyooka. Matokeo ni haya:

Dereva 1 kwa kilomita 4 za mraba: umbali kilomita 1, kusubiri dakika 4.
Dereva 1 kwa kilomita 1 ya mraba: umbali mita 500, kusubiri dakika 2.
Madereva 4 kwa kilomita 1 ya mraba: umbali mita 250, kusubiri dakika 1.
Madereva 16 kwa kilomita 1 ya mraba: umbali mita 125, kusubiri nusu dakika.

Kila mara madereva wanapoongezwa mara nne, muda hupungua kwa nusu. Lakini nyongeza ya kwanza inamwokolea abiria dakika 2, na ya tatu inamwokolea nusu dakika tu, ingawa inahitaji madereva wengi zaidi. Hapo abiria hajali tena, na kampuni ya pili yenye madereva wachache kiasi yaweza kushindana na ya kwanza. Tena, athari hii haivuki mipaka ya mtaa: dereva aliyeko Mwenge, Kinondoni, hampunguzii abiria wa Chamazi, Temeke, hata sekunde moja.

Kutokana na hesabu hii yapatikana matarajio mawili. La kwanza ni kwamba katika masoko ya ujumbe na mitandao ya kijamii, mshindi mmoja aweza kulimeza soko zima. La pili ni kwamba katika usafiri wa mjini, makampuni mawili au matatu yaweza kuishi pamoja, lakini kiingilio bado ni kigumu: asiyeweza kufikia idadi ya awali ya madereva katika kila mtaa, abiria wake watangoja mno na kumwacha.

Yaliyotokea Dar es Salaam

Kampuni ya Uber ya Marekani ilianza kazi Dar es Salaam mwaka 2016. Baadaye ikaja Taxify ya Estonia, ambayo mwaka 2019 ilibadili jina na kuitwa Bolt. Abiria walifurahia nauli iliyojulikana kabla ya safari. Madereva nao walipata wateja bila ya kukaa kijiweni kutwa. Lakini malalamiko hayakuchelewa. Walisema nauli ni ndogo mno na kamisheni ni kubwa.

Ili kuelewa uzito wa malalamiko hayo, ufanywe mfano wa hesabu. Nauli ya safari moja iwe Sh. 8,000, na mafuta yanayotumika yawe Sh. 3,000. Kamisheni ikiwa asilimia 15, dalali anachukua Sh. 1,200 na dereva anabaki na Sh. 3,800 baada ya mafuta. Kamisheni ikiwa asilimia 25, dalali anachukua Sh. 2,000 na dereva anabaki na Sh. 3,000. Kwenye karatasi kamisheni imepanda kwa sehemu 10 tu katika kila 100 za nauli. Lakini pato la dereva limeshuka kwa Sh. 800 kati ya 3,800, yaani kwa asilimia 21. Na hapo hajatoa hesabu ya tajiri, fedha ambayo dereva asiye na gari lake humpelekea mwenye gari kila siku, safari ziwe nyingi au chache. Asilimia inayoonekana ndogo kwa mwenye programu huweza kuwa ndiyo chakula cha jioni cha dereva.

Mwaka 2022 Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, ilipanga nauli za usafiri wa kuitwa kwa mtandao na kuweka kikomo cha kamisheni kuwa asilimia 15. Uber ilisema kwamba masharti hayo hayaiwezeshi kuendesha biashara, na mwezi Aprili mwaka huo ikasimamisha huduma zake nchini. Bolt nayo baadaye ilipunguza huduma zake na kubakiza zile za wateja wa makampuni. Mwishoni mwa mwaka 2022 LATRA ilipitia upya masharti na kuruhusu kamisheni ya hadi asilimia 25, na Januari 2023 Uber ilirejea.

Tukio hili laweza kusomwa kwa njia mbili, na kila moja ina ukweli ndani yake.

Wapo wanaoliona kuwa ni ushahidi wa nguvu ya ukiritimba. Kampuni iliyoenea katika nchi nyingi yaweza kufunga mlango wa mji mmoja kwa miezi kadhaa bila ya kutikisika, ilhali dereva mwenye mkopo wa gari hawezi kungoja hata wiki mbili. Katika mapatano yoyote, anayeweza kusubiri ndiye mwenye nguvu. Na mwisho wa mapatano hayo kikomo kilipanda.

Wapo wanaoliona kinyume. Kampuni zilipopunguza huduma, Jiji halikusimama. Abiria walirudi vijiweni, walipiga simu kwa madereva waliowazoea, walipanda daladala na bajaji, au walitumia programu nyingine. Ikiwa wanunuzi wana pa kukimbilia, ukiritimba kamili haupo. Aidha, bei iliyowekwa kwa amri chini ya gharama za mtoaji huduma humfanya aondoke, na hilo hutokea kwa kampuni yenye ukiritimba na isiyokuwa nao.

Ukiyapima mafikira yote mawili, lililo wazi ni kwamba nguvu ya kampuni ilikuwa kubwa zaidi upande wa dereva kuliko upande wa abiria. Abiria alikuwa na njia mbadala nyingi. Dereva, ambaye wateja wake na nyota zake vyote vilikuwa ndani ya programu, alikuwa na chache. Hili ni somo la jumla kuhusu dalali wa pande mbili: aweza kuwa na washindani upande mmoja na kuhodhi upande wa pili.

Kufungua milango: mfano wa fedha za simu

Kuweka kikomo cha bei ni dawa moja. Ipo nyingine, na Tanzania ina historia nzuri ya kuitumia.

Huduma ya M-Pesa ilianzishwa Kenya mwaka 2007, na mwaka uliofuata ikafika Tanzania. Makampuni mengine ya simu yalianzisha huduma zao. Kwa miaka ya mwanzo kila mtandao ulikuwa kisiwa: fedha hazikuweza kuingia moja kwa moja kutoka akaunti ya mtandao mmoja hadi akaunti ya mtandao mwingine. Mtu mwenye jamaa katika mitandao mitatu alibeba laini tatu. Katika hali hiyo athari ya mtandao ingeweza kumpa ushindi wa daima aliye mkubwa kuliko wote.

Mwaka 2014 makampuni ya Tigo, Airtel na Zantel yalikubaliana kuziunganisha huduma zao, na mwaka 2016 Vodacom, iliyokuwa kubwa kuliko zote, ikajiunga. Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za kwanza duniani ambako fedha za simu huvuka kutoka mtandao hadi mtandao kwa makubaliano ya makampuni yenyewe. Nchini Kenya, ambako kampuni moja ilikuwa na nguvu kubwa zaidi, mwaka 2014 mawakala wa M-Pesa waliruhusiwa kuhudumia pia mitandao mingine baada ya mamlaka ya ushindani kuingilia kati. Huduma za mitandao tofauti ziliunganishwa mwaka 2018.

Faida ya kuunganisha yaweza kuhesabiwa. Mitandao mitatu iliyotengana, kila mmoja wenye watu 1,000, ina jumla ya jozi 1,498,500. Ikiunganishwa kuwa mmoja wa watu 3,000, jozi ni 4,498,500, yaani kama mara tatu. Hakuna kampuni iliyonyang'anywa wateja wake. Athari ya mtandao haikufutwa, bali imekuwa mali ya watumiaji wote. Baada ya hapo makampuni hushindana kwa bei na ubora wa huduma, si kwa kuta.

Hatua nyingine ya namna hiyo ilichukuliwa Machi 2017, mteja aliporuhusiwa kuhama kampuni ya simu huku akibaki na namba yake ileile. Msingi wake ni rahisi: namba inayojulikana na jamaa na wateja ni mali ya mwenye kuitumia. Kwa msingi huohuo, yafaa kuuliza kwa nini dereva asiweze kuhama na nyota zake.

Maamuzi ya nchi nyingine

Swali lililo juu ya makala haya limefikishwa mahakamani katika nchi kubwa, na majibu hayakufanana.

Agosti 2024 mahakama ya shirikisho huko Washington iliamua kwamba Google inao ukiritimba katika huduma ya kutafuta habari kwenye intaneti, na kwamba imeulinda kinyume cha sheria. Ushahidi mmoja mkubwa ulikuwa malipo. Katika mwaka 2021 peke yake Google ililipa dola bilioni 26.3 kwa watengenezaji wa simu, makampuni ya simu na wenye programu za kusomea kurasa, ili huduma yake iwe ndiyo inayotangulia kuonekana na mtumiaji. Septemba 2025 mahakama hiyo ilikataa ombi la kuilazimisha kampuni iuze programu yake ya Chrome, lakini ilipiga marufuku mikataba ya kuwafungia wengine nje na kuamuru baadhi ya takwimu za utafutaji zitolewe kwa washindani wenye sifa.

Meta, mmiliki wa Facebook, Instagram na WhatsApp, ilishtakiwa mwaka 2020 kwamba iliinunua Instagram mwaka 2012 na WhatsApp mwaka 2014 ili kuua ushindani. Novemba 2025 mahakama iliamua kwamba serikali haikuthibitisha kuwa kampuni hiyo inao ukiritimba kwa sasa, kwani watu hutumia muda wao pia katika TikTok na YouTube. Msomaji atambue kwamba kesi hiyo iliamuliwa kwa kuuchora mpaka wa soko husika: ukiwa mwembamba, kampuni inaonekana peke yake, ukiwa mpana, inaonekana katikati ya washindani.

Nchi za Afrika nazo hazikukaa kimya. Julai 2024 tume ya ushindani na ulinzi wa walaji ya Nigeria iliitoza Meta faini ya dola milioni 220, kwa makosa yaliyohusu jinsi ilivyotumia taarifa za wananchi wa nchi hiyo. Uamuzi huo unakumbusha kwamba katika huduma zisizolipiwa fedha, bei haionekani kwa shilingi. Mtumiaji hulipa kwa taarifa zake na kwa muda wa macho yake, na masharti yakizidi kuwa mabaya, hilo ni sawa na bei kupanda.

Hatari ya kutegemea mlango mmoja, na mpaka wa nguvu za makampuni

Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika duniani kote kwa saa sita hivi, kutokana na hitilafu katika mitambo ya kampuni inayozimiliki zote tatu. Kwa mchuuzi anayetangaza kwa Instagram na kupokea oda kwa WhatsApp, tangazo na kaunta vilifungwa kwa pamoja. Mtu aliyedhani kwamba anatumia njia mbili tofauti aligundua kwamba zote zinapita daraja moja.

Hata hivyo, ukubwa peke yake hauhakikishi ushindi. Kampuni ya Jumia, iliyokuwa ikiuza bidhaa kwa mtandao katika nchi nyingi za Afrika, ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019. Athari ya mtandao huanza kufanya kazi pale tu huduma inapokuwa na watumiaji wa kutosha. Mnunuzi wa Dar es Salaam, aliyezoea kuishika bidhaa kwa mkono, kuulizia bei na kupunguziwa, ni mshindani mgumu kuliko kampuni yoyote.

Hitimisho

Kwa ufupi, jibu la swali si ndiyo wala hapana kwa masoko yote. Pale ambapo athari ya mtandao haina mipaka, kama katika kutafuta habari na kutumiana ujumbe, nguvu ya makampuni machache ni kubwa, na katika utafutaji habari imethibitishwa mahakamani. Pale ambapo athari hiyo ni ya mtaani na hufika kikomo upesi, kama katika usafiri, ushindani unawezekana, ingawa dereva yuko katika hali dhaifu kuliko abiria.

Kuhusu dawa, uzoefu wa Tanzania unaonyesha kwamba kikomo cha kamisheni kinaweza kuhitajika, lakini kisipopimwa vizuri huwafukuza watoa huduma, na waumiao kwanza ni walewale waliokusudiwa kulindwa. Kufungua milango kumeleta matunda yaliyodumu: kuunganisha mitandao ya fedha, na kumwacha mteja ahame na namba yake. Hatua inayofuata katika njia hiyo ni kumwezesha dereva kuhama na rekodi yake, kumpa mchuuzi orodha ya wateja wake, na kuyataka makampuni yaeleze kwa lugha inayoeleweka jinsi nauli na kamisheni zinavyokokotolewa. Kazi hiyo inahitaji wanasheria, lakini pia inahitaji vijana wa hisabati na takwimu watakaoweza kuzisoma hesabu zilizomo ndani ya programu na kuzihoji.

Maswali ya kujadili darasani

1. Eleza tofauti iliyopo kati ya ukiritimba wa UDA kabla ya mwaka 1983 na ukiritimba unaotokana na athari ya mtandao. Upi ni rahisi zaidi kuuondoa, na kwa nini?

2. Mitandao miwili ina watu 400 na 600. Tafuta idadi ya jozi kabla na baada ya kuunganishwa. Ni mtandao upi ambao wateja wake wanapata wenzi wengi wapya zaidi wa kuwasiliana nao? Tumia jibu lako kueleza kwa nini kampuni kubwa huwa nzito kukubali kuunganishwa.

3. Tumia kanuni ya 1/(2√d) kutafuta umbali wa wastani ikiwa kuna madereva 9 katika kila kilomita 1 ya mraba. Je, kampuni mpya yenye theluthi moja tu ya idadi hiyo ingeweza kushindana mtaani kwako? Toa sababu.

4. Tembelea kijiwe cha bodaboda, bajaji au teksi kilicho karibu na shule. Uliza ni madereva wangapi wanatumia programu zaidi ya moja kwa wakati mmoja, na kwa nini. Mnadhani jibu hilo linaongeza au linapunguza nguvu ya makampuni?

5. Nauli ni Sh. 5,000, mafuta Sh. 2,000. Pato la dereva baada ya mafuta litashuka kwa asilimia ngapi, kamisheni ikipanda kutoka asilimia 15 hadi asilimia 25?